Maimamu wanne mu jedwali, swali liko wapi?

Ndugu zetu wa asosiasio, na nyinyi wadogo wetu mungali ku masomo, leo tuseme kidogo juu ya somo moja ambalo wengi wanaliona jepesi: madhehebu ya sheria ya Kiislamu, vile yanavyofundishwa mu sekondari.

Ukifungua daftari la mwanafunzi aliyefika kwenye somo hilo, mara nyingi utakuta jedwali. Abu Hanifa: alizaliwa Kufa, 699, alifariki 767. Malik: Madina, 711 mpaka 795. Shafi: Gaza, 767 mpaka 820. Ahmad bin Hanbal: Baghdad, 780 mpaka 855. Pembeni kuna safu ya kitabu, na pembeni tena safu ya nchi: Uturuki na India kwa wa kwanza, Afrika ya Magharibi kwa wa pili, pwani ya Afrika Mashariki kwa wa tatu, Saudia kwa wa nne. Chini yake msitari mmoja: tofauti zao ni ndogo, wote wako katika haki. Basi, somo limeisha. Kesho interogasio: taja maimamu wanne.

Jedwali hilo halina uongo. Miaka iko sawa, miji iko sawa. Shida yake ni nyingine: limeandika majibu ya watu wanne, lakini limeficha swali walilokuwa wanajibu. Ni sawa vile kumpa mtoto majibu ya hesabu bila hesabu yenyewe. Atayakariri, atapata pointi zake, na siku atakayokutana na hesabu nyingine mu njia, hatajua aanzie wapi.

Kwanza tuone somo lenyewe linasimama wapi. Kenya wana somo la elimu ya dini ya Kiislamu linalofanyiwa mtihani wa taifa wa KCSE. Tanzania wana Elimu ya Dini ya Kiislamu, na baraza lao la mitihani, NECTA, linaisahihisha kama somo lingine lolote. Huku kwetu njia ni nyingine. Mwaka 1974 Mobutu alichukua masomo yote yakawa ya Leta. Tarehe 26 Februari 1977 Leta ikafanya mapatano na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu ili warudie kuongoza masomo yao. Waislamu waliingia katika mpango huo nyuma yao, na njo maana leo tuko na masomo yanayoitwa konvansione ya Kiislamu. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 45, inaruhusu masomo ya taifa kufundisha watoto dini ya wazazi wao, wazazi wakiomba, kwa ushirikiano na viongozi wa dini. Kwa hiyo mlango uko wazi kisheria. Lakini mwalimu wa Lubumbashi akitafuta kitabu cha Kiswahili juu ya fikihi, karibu kila mara atapata kilichoandikwa pwani. Makosa ya somo la pwani yanapanda gari na kufika mpaka hapa Bel-Air.

Kosa la kwanza liko mu neno lenyewe. Kwa Kiswahili chetu, "madhehebu" ni nini? Mkatoliki na Mmetodisti ni madhehebu mbili. Garenganze ni madhehebu. Kanisa la uamsho lililofunguliwa mwaka jana mu parsele ya jirani, nalo watu wanaliita madhehebu. Sunni na Shia, madhehebu. Halafu mwalimu anaingia mu kalasi, anaandika ubaoni: "Madhehebu manne." Mtoto wa Bel-Air, ambaye avenue yake moja iko na makanisa matano, atafahamu nini? Atafahamu kwamba Uislamu uko na makanisa manne, na kila moja liko na mchungaji wake. Na kumbe katika masomo haya ya konvansione ya Kiislamu kuna watoto wengi Wakristo. Hao watatoka na wazo hilo mpaka nyumbani.

Neno la Kiarabu linatoka katika kitenzi cha kwenda. Madhehebu ya mwanachuoni ni njia anayoipita kutoka kwenye andiko mpaka kwenye hukumu. Kifaransa kinasema "école", na hapo pia mtoto anaweza kuona banki na tablo. Mwalimu angetumia dakika tano tu kusema: hapa hatuhesabu makundi ya waamini, tunatazama njia za kufikiri. Mtu anaweza kusali nyuma ya mwenye njia nyingine, kuoa kwake, kuzikwa naye. Dakika tano hizo mu jedwali hazina safu.

Kosa la pili ni kuta. Jedwali linaweka mistari minne iliyosimama, kila imamu mu chumba chake. Lakini watu hawa walikuwa mlolongo. Shafi alikaa miguuni pa Malik kule Madina. Halafu akaenda Iraki, akasoma kwa Muhammad al-Shaybani, ambaye alikuwa mwanafunzi wa Abu Hanifa. Halafu Ahmad bin Hanbal akasoma kwa Shafi. Soma tena sentensi hizo tatu: yule ambaye pwani yote inamfuata alikuwa mwanafunzi wa upande wa pili na wa upande wa kwanza, na mwalimu wa upande wa nne. Tena, alipohamia Misri karibu na mwisho wa maisha yake, alibadilisha maoni yake katika mambo mengi, hata wafuasi wake wanatofautisha kauli ya zamani, ya Iraki, na kauli mpya, ya Misri. Imamu mmoja, njia moja, na bado alijirudi mwenyewe. Jambo kama hilo lingemfundisha mwanafunzi wa miaka 17 zaidi ya tarehe nane za kuzaliwa na kufa.

Sasa tuone swali lenyewe. Chukua aya ya sita ya Sura ya Tano, ile inayoeleza namna ya kutawadha. Kila mtoto Mwislamu anaijua kwa mwili wake, kila siku mara tano. Aya inaamuru kupangusa kichwa. Lakini katika Kiarabu, mbele ya neno "vichwa vyenu" kuna herufi ndogo moja, *ba*. Herufi hiyo inafanya nini pale? Malik alisema: ni ya kuunganisha tu, kichwa ni kichwa, pangusa chote. Na kauli inayojulikana zaidi kwa Wahanbali inafika hapohapo. Shafi alisema: herufi hiyo inaonyesha sehemu, kwa hiyo kipande chochote kinatosha, hata nywele chache. Wahanafi walitazama hadithi inayoeleza namna Mtume alivyopangusa sehemu ya mbele ya kichwa, wakasema: robo. Herufi moja, hukumu tatu. Hakuna mmoja aliyeikataa aya. Wote walikuwa wanaisoma, na kila mmoja anaweza kukuonyesha kidole chake kiko wapi.

Aya ileile inasema tena juu ya "kugusana" na wanawake. Shafi alichukua neno vile lilivyo: ngozi ikigusa ngozi, udhu umevunjika. Abu Hanifa alisema hapa ni lugha ya heshima kwa tendo la ndoa, kwa hiyo kumgusa mkono tu hakuvunji. Malik akasimama katikati: inategemea kama kuna tamaa. Mbele ya mfano kama huu mwanafunzi anaona kwa macho yake maana ya andiko, maana ya lugha, maana ya hadithi, maana ya kiyasi. Anaona kwamba tofauti hazikutoka kwa ukaidi, na hazikutoka kwa nchi. Zilitoka kwa kusoma kwa makini. Na somo lote hilo linaenea mu saa moja, bila kitabu cha bei, paka choki na ubao.

Hapa tuongee juu ya mji wetu. Lubumbashi si pwani. Uislamu wa wazee wengi wa Maniema ulitoka Zanzibar, ukapita Tabora na Ujiji, ukafika Kasongo na misafara ya akina Tippu Tip. Ni Uislamu wa Kishafi. Lakini wafanyabiashara wa Senegal na Mali wanaokaa nasi hapa, asili yao ni Kimaliki. Wahindi na Walebanoni wako na historia yao, na kati yao kuna Mashia. Na siku hizi kuna vijana waliosoma Uarabuni, au waliosoma mu telefone, wanaosema hawafuati imamu yeyote, wanafuata hadithi tu. Wote hawa wanaweza kukutana mu safu moja ya sala.

Sasa mtoto anaangalia. Babu yake anafunga mikono juu ya kitovu. Mzee wa Mali kando yake anaacha mikono inaning'inia. Kijana mwingine anaiweka kifuani kabisa. Kesho ku masomo atauliza: "Prof, juu ya nini ule papa wa Mali anasalia mikono chini? Hajui kusali?" Mwalimu mwenye jedwali atajibu nini? Jedwali linasema Malik alizaliwa 711. Haliko na jibu.

Jibu lipo, na ni zuri. Malik aliishi Madina, mji wa Mtume, na kwake desturi ya watu wa Madina ilikuwa ushahidi mkubwa: kizazi kimeona kizazi kikisali. Kauli iliyopokewa na mwanafunzi wake Ibn al-Qasim, ambayo Wamaliki wengi wameishika, ni kuacha mikono chini katika sala ya faradhi. Wengine walitegemea hadithi za kufunga mikono zilizopokewa kwa mlolongo wa wapokezi. Kumbe chini ya mikono ya mzee wa Mali kuna swali kubwa: ushahidi wa mji mzima na ushahidi wa mtu mmoja baada ya mtu mmoja, upi una nguvu? Tena, Mshia na Mwibadhi nao wanaacha mikono chini, ila kwa dalili zao wenyewe. Mikono inafanana, njia hazifanani. Mtoto aliyefahamu hivyo hawezi tena kumcheka mzee wa watu.

Na hapa tunafika kwenye kosa la tatu, ambalo mimi naona ndilo zito: hesabu ya nne. Kwa mtoto wa Afrika Mashariki na Kati, kumfundisha madhehebu na kuwaacha Waibadhi nje ni jambo la ajabu. Masultani wa Zanzibar walikuwa Waibadhi. Raia wao wengi walikuwa Washafi. Mu serikali ileile kulikuwa makadhi wa pande mbili. Sheikh Ahmed bin Sumeit, aliyefariki 1925, alikuwa kadhi wa Kishafi. Sheikh Ali bin Muhammed al-Mundhiri alikuwa kadhi wa Kiibadhi. Mfalme hakufuta fikihi ya raia wake. Huo ndio mji ambao dini ilitoka kuja kwetu, na somo linaupita kimya. Hata kwa tarehe, hesabu haisimami: Jabir bin Zayd wa Basra, ambaye Waibadhi wanajitegemeza kwake, alikuwa mkubwa kuliko Abu Hanifa. Jafar al-Sadiq, imamu wa fikihi ya Mashia wa Kijafari, alifariki Madina mwaka 765, miaka miwili kabla ya Abu Hanifa. Hawakuja nyuma. Walikuwa pale pale.

Mtu atasema: nyinyi mnaleta fujo, Wasunni wako na nne, inatosha. Lakini hata wanachuoni wakubwa wa Kisunni hawakusimama hapo. Mwaka 1959 Sheikh Mahmud Shaltut, mkuu wa Al-Azhar, alitoa fatwa kwamba kufuata fikihi ya Kijafari kunafaa. Mwaka 2005 mkutano wa wanachuoni kule Amman, Yordani, ulitambua nane: nne za Kisunni, Kijafari, Kizaidi, Kiibadhi na Kidhahiri, na ukakataza kumwita kafiri mtu anayefuata mojawapo. Mwanafunzi ana haki ya kujua hivyo. Kukubaliana au kukataa ni kazi yake akikomaa, lakini kunyimwa habari si malezi.

Juu ya nini tunasema ni jambo zito? Tuangalie jirani. Uganda, kuanzia miaka ya 1920, Waislamu waligawanyika kwa miaka mingi juu ya swali hili: ukisha sali Ijumaa, unasali tena adhuhuri au hapana? Watu waliitwa kwa majina ya upande wao, Juma na Zukuli. Misikiti iligawanyika, uongozi uligawanyika. Na swali lenyewe ni swali la fikihi lenye mizizi inayojulikana. Washafi wanataka watu arobaini wakaaji ili Ijumaa isimame. Wamaliki wanasema kumi na wawili. Wahanafi wanatosheka na watatu pamoja na imamu. Tena Washafi wanataka Ijumaa moja mu mji, isipokuwa kwa haja. Mwenye shaka kama masharti yametimia anasali adhuhuri kwa tahadhari. Ukiyajua hayo, unaona kwamba wa upande huu hakuwa mzushi na wa upande ule hakuwa mvivu. Usipoyajua, inabaki paka jina la kundi, na nyuma ya jina kunakuja mawe.

Kijana wa leo hakutani na swali kupitia mzee wa msikiti. Anakutana nalo mu video ya dakika mbili, ambapo mtu anamwambia kwa sauti kali: qunuti ya asubuhi ya babu yako ni bidaa. Kama kichwani yuko na jedwali tu, yuko na njia mbili: kumdharau babu au kuzima telefone. Kama alifundishwa njia, atasema: ah, huyu anafuata kauli ya Wahanbali na Wahanafi, babu anafuata Shafi, na Malik naye alikuwa na qunuti, ila ya kimya. Inasimuliwa kwamba Shafi mwenyewe, aliposali asubuhi karibu na kaburi la Abu Hanifa, aliacha qunuti kwa heshima ya mwenye kaburi. Kijana huyo hatapigana na mtu.

Tuwe wenye haki kwa walimu. Mwalimu yuko na kalasi iliyojaa, mshahara unachelewa, kitabu ni kimoja, tena chake mwenyewe. Jedwali linasahihishwa haraka. Mtihani wa taifa, kwa majirani, unapenda maswali ya "taja" na "eleza mchango wa", kwa sababu yanampa kila msahihishaji jibu moja. Wengine wanaogopa kwa nia njema: watoto ni wadogo, wakiona tofauti watapoteza imani. Lakini watoto hao wanaona tofauti kila siku, kanisani, msikitini, na mu nyumba moja ambamo mama ni Mkatoliki na mjomba ni wa uamsho. Kinachowapoteza ni kuziona bila mtu wa kuwaeleza.

Na wanaosema umoja unataka jibu moja, wakumbuke habari ya Malik. Inasimuliwa kwamba khalifa alitaka kuifanya Muwatta, kitabu cha Malik, kuwa sheria ya watu wote. Mwenye kitabu ndiye aliyekataa. Alisema watu wa miji mingine wamekwisha kupokea elimu yao kutoka kwa masahaba waliofika kwao. Mtu aliyepewa nafasi ya kuwa jibu la pekee mu mtihani wa dunia nzima, akaikataa. Na sisi tunamfundisha kama jibu la namba mbili.

Tena sisi wa Kongo tuko na nafasi ambayo Wakenya hawana. Kule, Katiba ya 2010 inatambua mahakama za kadhi kwa ndoa, talaka na urithi wa Waislamu, kwa hiyo fikihi inaweza kumfikia mtu kama hukumu. Huku, ndoa na urithi mbele ya Leta vinafuata Kode ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, kwa kila raia. Mwanafunzi wetu hasomi madhehebu ili ashinde kesi. Anaweza kuyasoma kwa utulivu, kama shule ya kufikiri, na Mkristo aliyeketi kando yake akafaidika vilevile. Nyinyi mliopita mu kitivo cha sheria mnajua: kusoma kifungu kimoja na kuona wasomaji wawili waaminifu wanatoka na maana mbili ni nusu ya kazi yenu.

Basi tunaomba nini? Jedwali libaki, lakini ukurasa wa mwisho. Ukurasa wa kwanza uwe swali moja: kupangusa kichwa, au mikono katika sala, au watu wa Ijumaa. Majibu mawili au matatu, kila moja na dalili yake. Waibadhi na Wajafari waingie mahali pao. Na mu egzame, badala ya "taja maimamu wanne", liandikwe hivi: chagua hukumu ambayo nyumbani kwenu hamuifuati, ueleze aliyeitoa aliifikia kwa njia gani, kwa namna ambayo mfuasi wake akisoma atasema, ndiyo, njo vile.

Mwanafunzi anayeweza kuandika jibu hilo amefahamu madhehebu. Asiyeweza, hata akikariri tarehe zote nane, amekariri makaburi.